Kiingereza cha Mapema na Mlango wa Chuo

Kila Januari shule zinapofunguliwa, stendi ya Lushoto hujaa matranka, magodoro na ndoo zilizoandikwa majina kwa rangi. Wapo wasichana wanaokwenda shule za hapa hapa milimani, kama vile Kifungilo na Mazinde Juu. Wapo pia wanaoteremka kwa basi kupitia Soni hadi Mombo na kuendelea mbali zaidi. Nyuma ya kila tranka yupo mama aliyeuza kitu: magunia ya viazi, kabichi, matunda ya msimu, au ndama aliyekuwa akitunzwa kwa kazi hiyo.

Nikiwa muuguzi, na mmoja wa wanaojitolea kufundisha afya katika kikundi cha akina mama kanisani, huulizwa maswali mengi baada ya kipindi. Zamani yalihusu zaidi chanjo na uji wa lishe. Siku hizi swali linalorudi mara kwa mara ni hili: "Sista, nikimtoa binti yangu shule ya kijiji nikampeleka ile ya Kiingereza kitupu, ndiyo ataingia chuo cha uuguzi?"

Swali hili si dogo. Mama mmoja alinieleza kwamba yeye na mumewe walikuwa karibu kuuza shamba la bondeni, lile linalomwagiliwa wakati wa kiangazi, ili walipe ada ya shule ya msingi ya mtoto mmoja. Shamba hilo hilo ndilo linalowalisha watoto wengine watatu. Basi, mpendwa msomaji, kabla shamba halijauzwa yafaa tuketi chini tuulize: je, ni kweli kwamba mtoto aliyefundishwa kwa Kiingereza tangu utotoni ndiye atakayefunguliwa mlango wa chuo? Na yule wa shule ya Kiswahili, mlango umefungwa?

Mtoto mmoja, lugha tatu

Mtoto wa Usambara hukua na lugha zaidi ya moja. Kwa bibi yake anazungumza Kisambaa, au Kipare au Kimbugu kulingana na kijiji. Akianza shule anafundishwa kwa Kiswahili. Akifika kidato cha kwanza, akiwa na umri wa miaka 13 au 14 hivi, anakuta kila somo linafundishwa kwa Kiingereza, isipokuwa machache kama Kiswahili chenyewe. Tena anahama lugha wakati ule ule anapoanza masomo mapya ya kemia na fizikia. Ni kama kumtwika mtoto mizigo miwili mara moja na kumwambia apande mlima.

Nchi yetu ilifikaje hapa? Tangu 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kiendelee hadi sekondari, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya elimu ya mwaka 1995 ilibakiza Kiingereza sekondari. Sera ya mwaka 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ilikifungulia Kiswahili njia ya kutumika katika ngazi zote sambamba na Kiingereza. Hata hivyo, mitihani ya kidato cha nne imeendelea kufanywa kwa Kiingereza.

Katika miaka ya 1990 watu binafsi na mashirika ya dini waliruhusiwa kufungua shule za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza na kupokea watoto wa Kitanzania. Kabla ya hapo, wazazi wenye uwezo waliwapeleka watoto wao Kenya na Uganda. Leo shule hizo, ambazo wengi wetu huziita "ingilishi midiamu", zipo karibu kila mji. Tangazo lao ni moja: mtoto atazama katika Kiingereza tangu darasa la awali, na akifika sekondari hatapata shida.

Kuzama katika lugha si jambo baya. Wengi wetu tulijifunza Kiswahili namna hiyo hiyo. Tulitoka nyumbani na Kisambaa, tukakaa na mwalimu aliyetokea mkoa mwingine, na mwaka haukwisha kabla hatujaanza kugombana na wenzetu kwa Kiswahili. Mtoto anayeisikia lugha kutwa, akaitumia kuomba maji, kucheza na kuuliza, huishika. Lakini tukumbuke kwamba Kiswahili kilikuwa pia sokoni, redioni na kanisani, na mwalimu wetu alikijua vizuri. Kiingereza kwetu hakipo sokoni wala redioni kwa wingi. Kipo darasani, na ubora wake ni ule ule wa mwalimu anayekitamka.

Siri ya shule zinazofaulu

Wazazi wengi wakitaja mafanikio ya Kiingereza hutaja shule za bweni za wasichana. Hapa kwetu hawakosi kuitaja Kifungilo, shule ya masista inayojulikana mbali kwa matokeo yake mazuri. Hutaja pia St. Mary's Mazinde Juu, iliyoanzishwa mwaka 1989 kwa juhudi za Padre Damian Milliken wa Shirika la Wabenediktini, ili wasichana wa milima hii wapate elimu ya sekondari. Mama husikia wanafunzi wa shule za namna hii wakizungumza Kiingereza bila woga, akasema, "Lugha ndiyo siri yao."

Tutazame vizuri zaidi. Shule nyingi za bweni za mashirika ya dini huwachagua wanafunzi kwa mtihani wa kuingia, kwa hiyo mtoto anafika akiwa tayari na msingi mzuri. Akiwa bwenini hana zamu ya kuchota maji mtoni wala kukata majani ya ng'ombe jioni. Ana taa ya kusomea, saa za kujisomea usiku, na mwalimu aliye karibu. Lugha imo ndani ya mambo hayo yote, kama chumvi ndani ya mboga. Chumvi ina kazi yake, lakini huwezi kumpa mtu chumvi peke yake ukasema umemlisha.

Linganisha na shule nyingine zinazobeba jina la "ingilishi midiamu". Mwalimu mwenyewe anatafuta maneno. Watoto wanaimba majibu kwa pamoja. Anayeteleza akasema neno la Kiswahili anavishwa kibao shingoni, nacho huhamia kwa mwenzake atakayekosea baadaye. Matokeo yake ni kwamba mtoto anajifunza kunyamaza. Mtoto aliyenyamaza haulizi, na asiyeuliza haelewi. Mzazi anatazama daftari, anaona mwandiko mzuri wa Kiingereza, anaridhika. Kumbe ni maandishi yaliyonakiliwa ubaoni.

Vyuo vinatazama nini hasa?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na ndipo akina mama wengi wanapopotoshwa. Hakuna chuo cha uuguzi kinachouliza mwombaji alisoma shule ya msingi ya lugha gani. Chuo kinatazama cheti cha kidato cha nne. Kwa Stashahada ya Uuguzi na Ukunga, sifa zinazosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, NACTVET, ni kufaulu angalau masomo manne yasiyo ya dini, na kati ya hayo lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Kufaulu Hisabati na Kiingereza ni nyongeza inayomsaidia mwombaji, lakini si sharti la kwanza.

Rudia tena kusoma hapo, mama. Kiingereza ni nyongeza. Kemia, Baiolojia na Fizikia ni lazima. Nimekutana na mabinti wanaozungumza Kiingereza kizuri kuliko mimi, wenye alama nzuri za Kiingereza, Historia na Uraia, lakini waliiacha Fizikia kidato cha tatu kwa kuwa ni ngumu. Mlango wa uuguzi ulifungwa siku ile, miaka miwili kabla ya mtihani, na hakuna aliyewaambia. Nimekutana pia na binti wa sekondari ya kata, Kiingereza chake cha kuunga unga, aliyepata alama D katika Fizikia na C katika Kemia na Baiolojia. Huyu aliomba chuo akapokelewa.

Alama ya D huanzia 30, na C huanzia 45. Kwa hiyo kufuzu si jambo lisilowezekana. Lakini nafasi za vyuo ni chache kuliko waombaji, na mwenye D tatu hushindana na wenye C na B. Kwa wanaoendelea kidato cha sita, Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, huweka kiwango cha chini cha kufaulu masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi 4. Kozi zenye ushindani hudai zaidi ya hapo.

Je, hii ina maana kwamba lugha haina kazi? La hasha! Maswali yote ya Kemia na Baiolojia yameandikwa kwa Kiingereza. Mtoto anaweza kujua kabisa jinsi mmea unavyojitengenezea chakula, kwa sababu alijifunza usanisinuru shule ya msingi na anaona mahindi ya mama yake. Lakini asipolitambua jambo hilo hilo likija na jina jingine refu, anaacha swali wazi. Na akilitambua bila kuweza kulieleza kwa sentensi tatu, anapata nusu ya alama.

Tunakumbuka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013. Takriban watahiniwa sita kati ya kila kumi walipata sifuri, taifa zima likashtuka, tume ikaundwa na matokeo yakapangwa upya. Lugha haikuwa sababu pekee, kwani upungufu wa walimu, vitabu na maabara ulijulikana. Lakini mtoto asiye na mwalimu, anayesoma kitabu cha kuazima katika lugha asiyoielewa, amefungwa mikono na miguu.

Basi lugha ni ufunguo, nami sikatai. Swali ni jinsi ufunguo huo unavyochongwa.

Yaliyojaribiwa kwetu na kwa wengine

Mwaka 1965, katika mji wa St. Lambert karibu na Montreal nchini Canada, wazazi wanaozungumza Kiingereza waliomba watoto wao wafundishwe kwa Kifaransa tangu chekechea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill waliwafuatilia watoto hao. Walijifunza Kifaransa vizuri na hawakubaki nyuma katika masomo mengine wala katika Kiingereza chao. Tangu hapo shule za namna hiyo zimeenea duniani, na wengi huzitaja kama ushahidi.

Lakini tazama walichokuwa nacho watoto wale. Walimu wao walikijua Kifaransa barabara. Nyumbani kulikuwa na vitabu vya Kiingereza, na wazazi waliosoma. Baada ya madarasa ya mwanzo, Kiingereza kiliingizwa shuleni kama somo, na hakuna aliyekidharau. Yaani mtoto aliongezewa lugha ya pili juu ya ile ya kwanza iliyokuwa imesimama imara. Hakunyang'anywa ya kwanza.

Sasa twende Nigeria. Mwaka 1970, huko Ife, Profesa Babs Fafunwa na wenzake walianza mradi ambao watoto walifundishwa kwa Kiyoruba miaka yote sita ya shule ya msingi, huku Kiingereza kikifundishwa kama somo na walimu waliokijua. Wengi walidhani watoto hao watashindwa sekondari. Badala yake walifanya vizuri kuliko wenzao waliobadilishiwa lugha baada ya miaka mitatu, hata katika Kiingereza chenyewe.

Nasi hapa Tanzania hatukukaa kimya. Kuanzia mwaka 2002, mradi wa utafiti uitwao LOITASA, ulioshirikisha wataalamu wa Tanzania, Afrika Kusini na Norway, ulichunguza ufundishaji wa masomo ya sekondari kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Waliofundishwa kwa Kiswahili walielewa zaidi na kushiriki zaidi darasani. Dakta Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye mwenyewe amefundisha Kiingereza kwa miaka mingi, amesisitiza mara nyingi tofauti ambayo wazazi wengi hatuioni. Kufundisha Kiingereza ni jambo moja, na kufundisha kila kitu kwa Kiingereza ni jambo jingine. Mtoto anaweza kukijua Kiingereza vizuri kwa kufundishwa vizuri kama somo, bila kupoteza elimu ya masomo mengine.

Msomaji wa Biblia atakumbuka habari za Danieli na wenzake katika sura ya kwanza ya kitabu chake. Vijana wale walipelekwa Babeli wakafundishwa lugha na elimu ya Wakaldayo kwa miaka mitatu, kisha wakasimamishwa mbele ya mfalme kama kwenye usaili. Walifaulu kuliko wote. Lakini sura hiyo hiyo inatueleza kwamba walichaguliwa wakiwa tayari na ujuzi na maarifa kutoka kwao. Waliingia katika lugha ya kigeni wakiwa na akili iliyokwisha kufunzwa, na hawakusahau walikotoka.

Binti wa Kifungilo aliyefika Marekani

Zamani masista Wajerumani wa Damu Azizi walitunza hapa Kifungilo kituo cha watoto waliozaliwa na wazazi wa rangi mbili. Mmoja wa watoto hao ni Maria Nhambu, aliyesimulia maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 2016. Alisoma sekondari Marian College, Morogoro, ambako mwalimu kijana Mmarekani, Catherine Murray, alimpenda akamfanya mwanawe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikwenda pamoja Marekani, naye akaingia Chuo cha St. Catherine katika jimbo la Minnesota.

Bila Kiingereza cha Morogoro asingeingia chuo kile. Hilo ni wazi. Lakini tazama kilichofuata. Alipomaliza na kuwa mwalimu wa sekondari mjini Minneapolis, somo alilowafundisha vijana wa Kimarekani lilikuwa Kiswahili na utamaduni wa Afrika. Kiingereza kilimwingiza chuoni, na Kiswahili alichotoka nacho nyumbani kikawa kazi yake. Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Mama anayemkataza mtoto lugha hiyo anatupa dhahabu akidhani ni jiwe la jikoni.

Wodini lugha zote zina kazi

Tuseme binti amepokelewa chuoni. Huko atasoma kwa Kiingereza: majina ya mifupa, dawa na vipimo. Kisha ataletwa wodini kwa mafunzo kwa vitendo, na hapo atakutana na bibi kutoka Mtae au Mlola asiyejua hata Kiswahili cha kutosha.

Mgonjwa akisema "moyo unaniuma", hana maana ya moyo siku zote. Mara nyingi ni chembe cha moyo, yaani sehemu ya juu ya tumbo, na huenda tatizo ni vidonda vya tumbo. Bahasha ya dawa huandikwa 1×3. Mwanafunzi hodari wa Kiingereza anaisoma haraka na kumkabidhi bibi. Lakini kazi yake hasa ni kumweleza kwamba ni kidonge kimoja asubuhi, kimoja mchana na kimoja usiku, wala si vitatu kwa mpigo. Mwanafunzi anayekariri maelezo ya kitabuni bila kuweza kuyasema kwa lugha ya mgonjwa hajaelewa bado, na kosa lake linaweza kugharimu maisha.

Hali ni hiyo hiyo katika kazi nyingine. Hapa Lushoto tuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama. Vijana wanaosomea sheria hupambana na vitabu vya Kiingereza, lakini tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 lugha ya mahakama zetu ni Kiswahili. Atakayefanya kazi vizuri ni yule mwenye lugha zote mbili.

Mama afanye nini?

Haya ndiyo ninayowashauri akina mama wa kikundi chetu, wenye uwezo na wasio nao.

1. Zungumza na mtoto lugha unayoijua vizuri. Usijilazimishe Kiingereza cha maneno kumi ukaacha hadithi, mafumbo na maelezo unayoyaweza kwa Kisambaa au Kiswahili. Mtoto anayeulizwa "kwa nini?" na "unajuaje?" jikoni hujifunza kufikiri, na fikra hazina lugha moja.

2. Hakikisha anasoma Kiswahili kwa ufasaha. Mpe habari fupi aisome, kisha funga kitabu umwambie akusimulie kwa maneno yake. Akishindwa, tatizo ni kusoma, na shule ya Kiingereza haitalitibu.

3. Anza Kiingereza mapema kama somo. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umerudisha somo hilo darasa la kwanza. Tafuta vitabu vyepesi vya hadithi, hata vya kuazima parokiani au kwa mwalimu, asome dakika 20 kila siku. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili iliyotolewa na TUKI mwaka 1996 bado ni msaada mkubwa. Kamusi moja inaweza kutumiwa na watoto wa nyumba tatu.

4. Tumia miezi ya kusubiri. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi hufanyika Septemba na sekondari hufunguliwa Januari. Miezi hiyo isiishie shambani yote. Mtoto awe na daftari lenye safu mbili: neno la sayansi kwa Kiswahili upande mmoja, na la Kiingereza upande wa pili. Maneno matano kwa siku yatakuwa mamia kabla hajavaa sare mpya.

5. Kabla ya kulipa ada, kague shule. Usitazame basi la njano na sare tu. Omba kukaa darasani dakika chache. Je, watoto wanauliza maswali? Mwalimu anaeleza au anakaririsha? Mwombe mtoto wa darasa la juu akueleze jambo moja la sayansi kwa Kiswahili. Akiweza, ameelewa. Tazama pia matokeo ya shule hiyo katika mitihani ya taifa, ambayo Baraza la Mitihani huyatangaza wazi kila mwaka.

6. Kataa aibu na viboko kwa ajili ya lugha. Mwendee mwalimu kwa heshima, ukiwa na baba wa mtoto ikiwezekana, mzungumze. Mtoto anayeogopa kufungua kinywa hatajifunza lugha yoyote.

7. Linda masomo ya sayansi. Mtoto anapofika kidato cha pili, kaa naye pamoja na mwalimu wake mzungumze kuhusu masomo atakayoendelea nayo. Kama anataka uuguzi, asiache Kemia, Baiolojia wala Fizikia. Fedha kidogo ya masomo ya ziada ya Fizikia wakati huo inaweza kufaa kuliko ada kubwa ya miaka ya mwanzo.

8. Watazame watoto wote. Elimu ya mmoja isiwe njaa ya wengine. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika sekondari za serikali hadi kidato cha nne, na tangu 2022 hadi kidato cha sita. Mahitaji bado ni mengi, lakini mlango upo, hata kwa mtoto wa mkulima wa kabichi.

Shamba liuzwe?

Kwa mama mwenye uwezo, aliyeipata shule nzuri yenye walimu wanaoijua lugha na kumpenda mtoto, Kiingereza cha mapema ni baraka. Mtoto wake atavuka kwenda kidato cha kwanza bila kuhangaika na lugha, na hilo ni jambo kubwa. Asiogope, ila asikifukuze Kiswahili nyumbani.

Lakini kwa mama ambaye ada hiyo itamlazimu kuuza shamba linalolisha nyumba, jibu langu ni kwamba asiliuze. Hakuna cheti cha shule ya msingi kinachonunua nafasi ya chuo. Nafasi hiyo hupatikana kidato cha nne, kwa mtoto aliyeelewa masomo yake, aliyejizoeza kusoma na kuandika Kiingereza kidogo kidogo kila siku, na ambaye hakuacha sayansi njiani. Shamba likiwapo litanunua kamusi, mafuta ya taa au sola ya kusomea, na masomo ya ziada ya Fizikia. Tena litatoa nauli ya kwenda chuoni siku jina la binti litakapotoka.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kuinama kwetu akina mama ni kukaa jioni pembeni ya mtoto, hata kama hatujui neno lolote katika kitabu anachosoma, tukamwambia: "Hebu nieleze mimi, kwa lugha yetu, ulichojifunza leo." Akiweza kukueleza ukaelewa, ataweza pia kumweleza msahihishaji, na siku moja mgonjwa.